Jina Alilochezea

Dada aliingia kwenye ukumbi wa gemu pale Mbarara akiwa na vumbi la kambi ya wakimbizi ya Nakivale hadi kwenye nyusi, tayari kumshika mdogo wake sikio na kumrudisha. Kesho asubuhi ilikuwa siku ya kuhesabiwa kambini, na asiyeonekana hufutwa kwenye karatasi ya familia.

Mdogo wake alikuwa kwenye fainali ya gemu ya mpira, ameinamia pedi ya kuchezea. Vidole vyake gumba vilikuwa vimeota sugu kama za mkulima, yeye ambaye jembe hakuligusa tangu mashindano yaanze.

Ndipo dada akainua macho kwenye televisheni. Juu ya timu ya mdogo wake palikuwa pameandikwa ELISÉE.

Jina hilo nyumbani halitajwi. Elisée, kitindamimba wao, walipotezana naye walipokimbia Kivu, Kongo, na mama akilisikia, chakula hakipiti kooni. Waliliandikisha jina lake, wakamngoja miaka sita wakisema yuko njiani. Mwaka jana, siku ya kuhesabiwa, alifutwa.

“Juu ya nini uliandika jina yake?” dada akataka kujua sababu.

Mdogo wake hakugeuka. “Ku karatasi balimufuta, yaya,” akamwambia dada yake. “Hapa habawezi kumufuta mpaka banishinde.”

Nje, gari la mwisho la Nakivale likapiga honi, mara ya kwanza, mara ya pili.

Dada akatua kapu lake, akakaa kwenye benchi kando ya mdogo wake. Zilikuwa zimebaki dakika mbili, na Elisée alikuwa nyuma kwa bao moja.