Kipimo cha Shavu

Kosa ni langu, na cheti changu cha diploma ya kuendesha mashine za kuoshea wazee kiko ukutani kinanitazama. Tangu sheria ikataze kuwaosha wazee kwa mikono yetu, mama yangu anaoshwa na mkono wa mashine. Kwanza kompyuta hupewa vipimo, ikokotoe shavu litabonyea kiasi gani likiguswa. Mimi, ili niwahi mpira, nilijipima shavu langu mwenyewe, nono kama andazi. La mama ni ngozi na mfupa, na mashine ikalikandamiza kama langu.

Leo nimemkuta amejifunika kanga uso mzima.

“Nilijipima mimi, mama.”

“Nilijua. Shavu lako tangu utotoni hata kofi halisikii.”

Nilitaka kucheka, nikashindwa.

“Mama, nifunulie nione.”

Aliishika kanga kwa vidole vyote, haikusogea.