Kikapu cha Maini

Jirani aliitangazia Kirongwe nzima kuwa ng'ombe wa Jokha, aliyelala chini tangu azae, amekata roho alfajiri, naye kamwona kwa macho yake. Alipofika kwa Jokha na kumkuta ng'ombe angali anapumua, akatoa kisu na kikapu cha ukindu.

“Tumchinje upesi, mwanangu, asije akafa kibudu. Maini yangu!”

Jokha aliendelea kumsugua ng'ombe mapaja kwa mafuta ya nazi. Kisha akamsogeza ndama mpaka puani pa mamake, akamvuta nyuma kidogo.

Ng'ombe akanyoosha ulimi, asimfikie. Akakoroma. Makalio yakainuka yakitetemeka, miguu ya mbele ikafuata.

“Allahu akbar! Kasimama!” Jokha alicheka mpaka machozi yakamtoka.

Ng'ombe akamlamba ndama, kisha akaanza kukitafuna kikapu.

“Jokha mwanangu,” jirani akasema, akificha kisu kanzuni, “basi nigaie hata maziwa kidogo.”