Jirani Huulizwa Kwanza

Miaka kumi nilipiga kelele kwenye mabaraza kwamba bei za nyumba hapa Iftin ni wizi. Osob, muuza maziwa ya ngamia, hakuja hata siku moja. Sasa bei zimeshuka, na nani alikuwa ameketi mkekani kununua nyumba inayopakana na yangu? Yeye.

Nyumba hiyo niliitamani tangu kuta zake hazijapigwa plasta.

Funguo alikuwa ameshapewa azishike. Kidole gumba chake chenye hina kilizisugua polepole, moja baada ya nyingine, kama anayevuta tasbihi.

Kwetu, nyumba haiuzwi kabla jirani hajaulizwa. Shekhe aliyesimamia mauzo akanigeukia mbele ya mashahidi.

"Nyumba hii unaitaka wewe, au unamwachia dada yako?"

"Sema basi, walaal, ndugu yangu," Osob akacheka. "Kesho nakuletea maziwa ya ujirani."

"Wallahi, leo mzee wa kelele amekosa sauti!" shahidi mmoja akanitania, na wote wakaangua kicheko. Osob ndiye aliyecheka zaidi.

"Naitaka mimi," nikasema, mimi nisiyeweza kununua hata mlango wake.