Gitaa Safi Mno

Wimbo wa mwisho wa albamu yao ulipokwisha kusikilizwa studioni, Tendwa hakupiga makofi na wenzake. Bendi yao ya roki ilikuwa imezeeka pamoja naye, lakini gitaa la solo alilolisikia lilikuwa safi mno. Yeye, tangu apatwe na kiharusi, kidole cha mwisho hakikunjiki vizuri.

"Hapa kapiga nani?" aliuliza.

"Wewe, kaka! Nani mwingine?" Nasibu, mwimbaji wao, alijibu hata kabla swali halijaisha. Shomvi, mpiga ngoma, aliinamia viatu vyake.

Tendwa aliwatazama mmoja mmoja. Akatwaa gitaa, akaingia chumba cha kurekodia, akaanza kupiga kipande kile kile. Kilitoka kikichechemea, noti moja ikichelewa, nyingine ikikwaruza.

Shomvi alinyanyuka bila kuambiwa, akaketi nyuma ya ngoma zake, akamfuata mwenzake polepole.

"Tulitaka kukusitiri," Nasibu alisema kwenye kipaza sauti cha chumba cha mitambo.

"Mmenizika nikiwa hai," Tendwa akajibu, asiache kupiga.

Nyuma ya kioo, fundi mitambo alimgeukia Nasibu, mkono wake ukingoja juu ya kitufe cha kurekodi.