Safu Mbili

Asubuhi hiyo Deusi, fundi wa kompyuta wa redio ya mji, alibadilisha mpangilio wa safu kwenye jedwali la matangazo ya vifo. Jina la mfiwa akalitanguliza, la marehemu likafuata, ili tu jedwali lipendeze. Alisahau kwamba programu inayoandika matangazo huhesabu safu ya kwanza kuwa ya marehemu, na ya pili kuwa ya mfiwa aliye hai.

Mchana redio ikasema: "Gaudensi anasikitika kutangaza kifo cha Felista."

Jioni Bi Felista mwenyewe akaingia ofisini, kanga kiunoni, macho yamevimba.

"Mama, kosa ni langu," Deusi alisema. "Nisamehe. Narudisha safu sasa hivi, tangazo lisomwe upya."

Bi Felista aliinamia kompyuta, akagusa jina la marehemu mwanawe, Gaudensi, pale lilipokaa, kwenye safu ya walio hai.

"Usimtoe kwanza, baba," alisema. "Mwache hapo kidogo."

Mkono wa Deusi ulibaki juu ya kipanya. Kutoka studio, muziki wa matangazo ya vifo ukaanza kupigwa.