Pembe Iliyokunjwa

Mkutubi aliiona pembe ya ukurasa iliyokunjwa, akaanza kuinyoosha kwa kidole gumba.

"Nani kaharibu riwaya yangu hivi?"

"Dada yangu."

Dada aliishia kusoma hapo kwa sababu yangu. Tuligombania blanketi, nikamwambia ili kumkomoa tu, "Huyo binti anayemlilia mama yake, mwishoni naye anakufa." Hata sikuwa nimekisoma kitabu chenyewe. Dada akakifunga kitabu, akageukia ukutani.

Wiki iliyofuata tukamzika.

Jana nilikisoma chote. Binti hafi. Anajifunza kucheka tena, taratibu, kama mtu anayejaribu kiatu kipya.

"Mwambie dada yako aache kukunja vitabu vya watu," alisema mkutubi, akiinua muhuri.

Nikakivuta kitabu, nikaikunja pembe upya.

"Niongezee wiki mbili, mama. Hajamaliza."