Pofu na Msimu wa Gobore

Paliondokea Pofu mmoja mjuaji, aliyeijua misimu ya uwindaji ya nchi zote mbili za mpakani. Msimu ukifunguliwa huku, yeye huvuka mto wa mpakani kwenda ng'ambo ulikofungwa, akajilia majani kwa raha zake.

Siku moja, huko huko ng'ambo, gobore likalia na risasi ikamkata ncha ya pembe. Pofu akasimama kumsomea mwindaji sheria.

“Bwana, huku msimu bado.”

Gobore ni la risasi moja, naye mwindaji alikuwa akishindilia baruti upya.

“Mjomba,” Digidigi aliyekuwa akila majani jirani akamwita huku akitimka, “kesi hiyo utaisemea chunguni.”

Pofu akatoka mbio, mkia juu.

Tangu hapo, akiulizwa msimu hufungwa lini, hujibu, “Nchi zote sawa. Hufungwa mwenye gobore anaposhindilia.”